Mabamba Mawili

Mhandisi Lamya alikuja na picha kwenye simu:
bustani ya mbali, viti vya chuma rangi ya tende,
havikupakwa kitu. "Hiki," akaniambia,
"kinashika kutu mara moja tu, kisha kutu yenyewe
inakuwa ngozi. Nataka viti kumi na viwili,
vitazame bahari, hapa Ashkhara."

Dilmurad akazima mashine ya kuchomelea,
akainua miwani, akanitazama mimi.
Karakana yetu iko hatua mia mbili kutoka majini.
Bawaba za milango tunazizika kila mwaka.
Msumari ukiusahau mezani Alhamisi,
Jumamosi umeshaota ndevu.

Sikubisha. Nilikata mabamba mawili, pacha,
shubiri kwa shubiri, tumbo moja.
Nikayagonga namba.
La kwanza nikalipeleka Ibra, kwa mama,
juu ya dari, kando ya tangi la maji.
La pili nikalifunga kwenye nguzo ya karakana,
uso kwa uso na upepo.

Ibra umande hushuka alfajiri,
saa mbili jua limeshaulamba.
Kulowa, kukauka. Kulowa, kukauka.
Mama akanipigia: "Lako limekuwa la machungwa."
Baadaye: "Sasa kama hina ya juzi."
Mwaka ukageuka, ukageuka tena:
"Leo nimelipangusa kwa leso nyeupe.
Leso imerudi nyeupe."

Ashkhara chumvi haiagi.
Hata pasipo mvua, usiku inakunywa hewa,
inalitia bamba ubichi, na kucha inafukunyua.
Kigaga hakijashika, kimebanduliwa.
Likachanuka tabaka tabaka, kama chapati iliyopigwa,
na upande wa nyuma, uliojificha mvua,
ndio ulioliwa zaidi: hakuna wa kuuosha.
Bolti za zinki ziliondoka kwanza,
kama wageni walionusa ugomvi.
Sakafuni ukachorwa mto wa kahawia.
Kwetu hilo lina jina:
donda ndugu.

Nikamwekea Lamya yote mawili mapajani.
Akayapima kwa mkono, moja zito, moja limekonda.
Dilmurad akasema, "Dada, chuma si kibaya.
Ni mahali."
Akakaa kimya muda wa chai kupoa.
"Basi kumi na kimoja viwe alumini.
Kimoja kiwe hiki. Nakitaka hivyo hivyo."

Nikakitengeneza kwa heshima ya mgonjwa.
Nikakipa mteremko, maji yasituame,
nikaacha nafasi kwenye kila kiungo,
nikaongeza milimita mbili za kuliwa.
Nikamwambia kijana wa baladia:
kila Ijumaa, ndoo ya maji matamu, mbele na nyuma.
Akacheka. Maji matamu, kwa kiti?

Mama, akiwa Ibra, hasemi habari za Unguja.
Ukimuuliza atajibu "Ndiyo hayo,"
atakumiminia kahawa, atauliza bei ya vitunguu.
Lakini nikimleta Ashkhara,
hata mlango wa gari sijaufunga, ameshaanza:
kisima cha Kikwajuni, ndoo ya Bi Mwanakheri,
redio waliyoiacha inaimba ndani ya nyumba
na hawakujua nani aliizima.
Anayasema kama ya asubuhi ile.

Jana alikikalia kiti cha Lamya.
Alitandika leso ile ile nyeupe,
akakaa mpaka taa za barabarani zikawaka.
Alipoinuka, leso ina ramani ya kahawia,
visiwa viwili na vijidoa.
Nikaona haya, mimi fundi.
Nikamwambia, "Ndimu na chumvi, mama, litatoka."

Akalipitishia kidole doa,
polepole, ukingo mpaka ukingo.
"Chumvi tena?" akasema,
akaikunja leso, akaitia kifuani.